Kabla ya Kulipia Mbizi Kwenye Mabaki ya Meli ya Vita



Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja ikitengenezwa mitambo yake. Mabaharia zaidi ya 30 walipoteza maisha, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani. Leo bahari hiyo hiyo huwavuta wapiga mbizi, wanaokuja kuyatazama matumbawe ya Bawe na Pange na kuulizia mabaki ya meli.

Hamu hiyo huwafanya wengi walipe kwanza, kisha waulize. Nawasihi muulize kwanza, na maswali ni matatu.

La kwanza ni kina. Cheti cha awali cha upigaji mbizi kwa kawaida humruhusu mtu kushuka mita 18 tu. Ikiwa mabaki yako chini zaidi ya hapo, kataeni, hata mkipunguziwa bei. Kuingia ndani ya meli iliyozama kunahitaji mafunzo ya pekee.

La pili ni vifaa. Ombeni kuonyeshwa kipimo cha hewa ya mtungi, kipumulio cha akiba, na oksijeni ya dharura ndani ya boti. Mwenye huduma nzuri hachukii kuulizwa.

La tatu ni siku ya kuondoka. Mtu akiwa chini, naitrojeni huyeyuka katika damu yake. Akipanda juu kwa haraka, au akipanda ndege mapema, gesi hiyo hugeuka mapovu mwilini, nayo huweza kupoozesha au kuua. Subirini angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, hata kama safari ya ndege ni fupi. Anayewauzia mbizi ya asubuhi na tiketi ya ndege ya mchana hawatakii mema.

Mkikubaliana, takeni risiti inayotaja bei, vifaa, na masharti ya kurudishiwa fedha bahari ikichafuka. Hakikisheni pia kwamba bima yenu inagharimia matibabu ya wapiga mbizi.

Mwisho, msing'oe matumbawe wala kuchukua kipande cha meli. Mahali hapo watu walifia.

Tahadhari kabla ya hatari.