Mbu Hujuaje pa Kuuma?

Leo tuzungumze juu ya pua ya mbu.

Kliniki huwa naulizwa, "Sista, mbona mbu wanamwuma huyu tu na kumwacha ndugu yake? Ana damu tamu?" La, mama. Mbu akiwa mbali hawezi kunusa damu iliyo ndani ya mishipa. Anachofuata ni pumzi tunayotoa, pamoja na harufu ya jasho na ngozi, ambayo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Huinasa harufu hiyo hasa kwa vipapasio, yaani vile vijiti viwili vyenye vinyweleo kichwani pake. Kutoka hapo habari huingia katika ubongo mdogo kuliko punje ya wimbi.

Lakini kunusa ni jambo moja, kuamua ni jingine. Katika ubongo ule mna kemikali iitwayo dopamini, ambayo hata sisi binadamu tunayo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza jinsi walivyowanusisha mbu aina ya Aedes aegypti harufu ya mtu huku wakiwatikisa, kama mbu anavyotikisika kofi likimkosa. Baadaye mbu hao waliikwepa harufu hiyo kwa saa 24 au zaidi. Wale ambao dopamini yao ilizuiwa kufanya kazi hawakujifunza kitu. (Ajabu ni kwamba harufu ya kuku hawakujifunza kuikwepa.)

Sasa, mama, wewe una mkono wa kupiga. Mtoto wa miezi mitatu hana. Kwa maoni yangu, mbu uliyemfukuza mwilini mwako hajaondoka nyumbani, anatafuta asiyejitetea.

Na huyu Aedes, ambaye yupo hapa Nairobi na ndiye aenezaye homa ya dengi na chikungunya, huuma mchana. Wengi wetu hukunja neti asubuhi na kuishusha usiku. Mtoto akilala saa nane mchana, mshushie. Mafuta ya kufukuza mbu usimpake aliye chini ya miezi miwili.

Kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu, kila nyumba ina mapipa na mitungi. Aedes hubandika mayai kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa makavu kwa miezi bila kufa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta kwa brashi kila wiki, kisha ufunike.

Malaria ni habari nyingine. Nairobi iko juu, malaria ni kidogo, lakini likizo ikifika tunawapeleka watoto Siaya, Busia na Homa Bay. Kule Kisiwa cha Rusinga, kati ya 2012 na 2015, wanasayansi wa kituo cha ICIPE cha Kasarani na wenzao wa ng'ambo waliweka mitego ya sola yenye harufu iliyotengenezwa kufanana na ya binadamu. Malaria ilipungua kwa karibu asilimia 30. Lakini sikieni: mitego iliongezwa juu ya neti, haikuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo neti iingie kwenye begi la safari. Na mtoto akipata homa baada ya kurudi, usimpe dawa ya maumivu ukangoja. Mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari mlikotoka.