Kinoo cha Safarini na Kisu Kinachobebwa Nacho

Kifaa cha kunolea kisu kinachobebwa safarini, yaani kile kinachoingia mfukoni mwa mvuvi, mfugaji au mwongoza watalii, hakipaswi kuchaguliwa kwa wingi wa kazi kinazodaiwa kufanya, bali kwa namna kinavyolitendea bapa la kisu. Kisu butu humlazimu mtumiaji kukaza mkono, na mkono uliokazwa ndio unaoteleza na kujeruhi, tena mahali ambapo zahanati huenda ikawa mwendo wa siku nzima.

Kunoa ni kusaga chuma kwa kitu kigumu zaidi yake mpaka nyuso mbili za bapa zikutane tena kwenye mstari mwembamba, ambao ndio makali. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kinoo chochote ni ugumu wa chembe zake. Katika kipimo kilichotungwa mwaka 1812 na mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Friedrich Mohs, ambacho hupanga madini kutoka 1 hadi 10 kwa kuangalia lipi hukwaruza lipi, kwatzi, ambayo ndiyo hasa chembe za mawe ya mchanga, iko daraja la 7, korandamu, yaani oksidi ya alumini inayotumika katika vinoo vingi vya dukani, iko daraja la 9, na almasi iko daraja la 10. Jiwe la mtoni limenoa visu vya vizazi vingi na bado linatosha kwa kisu cha kawaida cha chuma cha kaboni, wala si haki kulidharau. Hata hivyo, baadhi ya visu vya bei ya juu vinavyouzwa leo kwa ajili ya kambi hutengenezwa kwa chuma kilichotiwa vanadi, na punje za vanadi iliyoungana na kaboni ni ngumu kuliko korandamu yenyewe, hivyo kinoo cha kawaida husaga chuma kinachozizunguka na kuziacha punje hizo karibu kama zilivyokuwa. Mwenye kisu cha aina hiyo hana budi kutafuta almasi.

Almasi hiyo si ya vito. Ni ile inayotengenezwa viwandani, ambayo kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza mwaka 1955 kwamba imefaulu kuiunda, na ambayo chembe zake hushikizwa kwa tabaka la nikeli juu ya kibao chembamba cha chuma. Kwa matumizi ya porini kibao hiki kina sifa mbili zisizopatikana kwa urahisi kwingine: hakidai mafuta wala maji, jambo lenye uzito mkubwa pale ambapo maji ya kunywa yenyewe hupimwa, na hakiliki katikati kikafanya bonde kama mawe laini yanavyofanya. Ukubwa wa chembe hupimwa kwa mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe za mikroni 45 hurudisha makali yaliyopotea kabisa, na za mikroni 25 huyalainisha kiasi cha kutosha kwa samaki, kamba na nyama, kwa hiyo kibao chenye pande hizo mbili kinamtosha msafiri. Kosa la kawaida ni kukikandamiza, kwani nguvu nyingi hung'oa chembe kutoka kwenye nikeli.

Kifaa kinachostahili kukataliwa ni kile chenye vipande viwili vya kabaidi ya tangsteni vilivyopandanishwa kwa umbo la V, ambapo kisu huvutwa katikati yake. Ni chepesi na rahisi, na matokeo yake huonekana papo hapo, lakini hakisagi chuma, bali hukikwangua na kukiacha kimechanikachanika, huku kikilazimisha pembe moja kwa kila kisu. Makali ya namna hiyo huisha upesi, kisu hukwanguliwa tena, na bapa huliwa kabla ya wakati wake.

Pembe ndiyo inayowashinda wengi. Nyuzi 20 hivi kila upande zinafaa kwa kisu cha matumizi mengi, na vibao vingine huwekewa ukingo wa mteremko unaouongoza mkono uliochoka. Asiye na ukingo huo anaweza kupaka wino mzito kwenye makali, apitishe kinoo mara moja, kisha atazame wino umefutika wapi. Makali yaliyokwisha kunolewa humalizwa kwa kijiti cha kauri, ambacho ni kizuri ila huvunjika kikianguka juu ya mwamba. Aliyekosa kijiti anaweza kutumia duara lisilong'aa chini ya kikombe cha kauri, kwa kuwa sehemu hiyo haikupakwa gilasi na hunoa kweli.

Panga ni suala jingine. Chuma chake hufanywa laini kidogo kwa makusudi ili kisimeguke kinapogonga mti mkavu, na kwa ajili hiyo tupa bapa hukishika vizuri na kwa haraka kuliko kibao cha mfukoni. Msafiri ambaye kazi yake yote ni ya panga hana sababu ya kununua almasi. Anunue tupa, aitie mpini, na aifunge kwa kitambaa kikavu isipate kutu.