Kabla Hujahasi Beberu, Tazama Nani Atabaki Zizini

Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti na wafugaji wa mbuzi, Msambweni

Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni habari, na haya nimeyapata kwa kuwauliza maafisa wetu wa mifugo maswali mpaka wakanichoka. Ila beberu namjua kwa njia nyingine. Mwaka mmoja, Idd ikikaribia, nilimbeba mmoja kwa tuktuk kutoka Ukunda hadi nyumbani. Shati nililovaa siku ile sijalivaa tena.

Harufu ile si uchafu. Korodani za beberu hutoa homoni iitwayo testosteroni, nayo huamsha tezi za mafuta zilizo kichwani, hasa nyuma ya pembe. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kichwa cha beberu hutoa kemikali inayogusa ubongo wa jike na kuamsha homoni zake za uzazi. Kinachotukera sisi, kwa majike ni mwito. Ndiyo maana majike waliokaa mbali na dume kwa muda, akiletwa tu, wengi huanza kumtaka baada ya siku chache.

Tukimhasi, testosteroni hushuka upesi. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo ambayo kazi yake ni kuziamrisha korodani. Isiposikia jibu huzidi kupiga kelele, homoni zake zikapanda, lakini hakuna wa kuitikia. Harufu hupungua wiki kwa wiki, ugomvi hupoa, na chakula alichokimaliza kwa kukimbizana na majike hugeuka mafuta. Huyo ndiye ndafu wetu. Aliyehasiwa akiwa mtu mzima huweza kuendelea kupanda kwa muda, tena mbegu zilizobaki kwenye mirija zaweza kutia mimba. Mtenge kama wiki sita hivi.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kuhasi hakumkuzi mbuzi haraka. Testosteroni ndiyo hujenga misuli, kwa hivyo dume mzima anayekula vizuri mara nyingi humpita ndafu kwa uzito. Faida ya ndafu ni mafuta, nyama isiyo na harufu kali, na amani zizini. Kama dume wako utamuuza angali mdogo, na unaweza kumtenga na majike, huenda huna haja ya kumhasi kabisa.

Linalotuumiza zaidi ni hili. Mnunuzi akija, au ukienda sokoni Kinango au Mwangulu, yupi huchaguliwa? Yule mrefu, mpana wa kifua, aliyekua upesi. Na sisi tukitaka ndafu wa harusi au wa Idd, tunamhasi huyo huyo. Anayebaki zizini ni yule mdogo ambaye hakuna aliyemtaka. Homoni zake hazijali udogo wake. Kuanzia miezi mitatu au minne dume aweza kuanza kupanda, na mbuzi wetu hulala zizi moja, kwa hivyo atampanda dada yake na hata mama yake. Baada ya vizazi vichache tunalalamika kwamba mbuzi wetu wamekuwa wadogo. Tuliwafanya wadogo sisi wenyewe, kwa kuuza mbegu nzuri na kubakiza mbovu.

Basi geuzeni mpango. Dume bora, aliyezaliwa na mama mwenye maziwa na mapacha, aachwe awe beberu, kisha abadilishwe na wa jirani asiye wa ukoo huo kabla binti zake hawajakomaa. Wale wengine ndio wahasiwe.

Lini? Maafisa wetu wanapenda karibu na miezi mitatu. Ukichelewa, amekwisha panda. Ukiwahi mno nako kuna hatari: njia ya mkojo ya dume hupanuka kwa msaada wa testosteroni, na ikibaki nyembamba huweza kuzibwa na vijiwe, hasa kwa mbuzi anayelishwa pumba za mahindi kwa wingi na maji kidogo. Dume anayejikamua bila mkojo kutoka ni wa kukimbiziwa daktari siku hiyo hiyo.

Wembe wa nyumbani, tafadhali, tuuache. Jeraha huleta pepopunda na funza, na maumivu ni makali. Mwenye ujuzi hutumia koleo ya Burdizo, ambayo huponda mishipa bila kupasua ngozi, tena upande mmoja baada ya mwingine, na ana dawa ya kupunguza maumivu.

Wengi mmeniuliza pembeni kama ndafu anafaa kwa udhiya, kwa kuwa amepungukiwa kiungo. Mimi si sheikh, lakini wanazuoni wengi wamesema anafaa, na imepokewa hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alichinja kondoo wawili waliohasiwa. Mwenye shaka amwone imamu wake. Umri ndio msiusahau: muulizeni imamu mbuzi anatakiwa awe ametimiza umri gani.

Afisa wa mifugo wa wadi yuko hapa, ameketi chini ya mwembe. Mwenye dume wa miezi miwili au mitatu nyumbani aandikishe jina kwake kabla ya kuondoka.