Mwalimu Anayetaka Mtoto

Riwaya ya Red Clocks ya Mmarekani Leni Zumas ilitoka mwaka 2018, miaka minne kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijafuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyokuwapo tangu 1973. Zumas anatupeleka mji mdogo wa wavuvi pwani ya Oregon, katika nchi ambayo katiba yake sasa inalihesabu yai lililorutubishwa kuwa mtu kamili. Wengi wameisoma kama kitabu cha utoaji mimba. Mimi naona hoja yake kuu imebebwa na mwanamke anayetamani kuzaa. Ro ni mwalimu wa sekondari, miaka 42, hana mume. Katiba hiyohiyo inamzuia kutungishiwa mimba maabara, eti kiinitete hakiwezi kutoa ridhaa ya kuhamishwa. Na sheria nyingine iko njiani kumkataza asiye na ndoa kuasili mtoto. Wakati huohuo Mattie, mwanafunzi wake, ana mimba asiyoitaka, na akijaribu kuvuka kwenda Kanada anarudishwa mpakani. Mmoja anataka, mwingine hataki, na wote wawili wameshaamuliwa.

Wapo watakaosema mwandishi ametia chumvi. Lakini Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Alabama iliamua kwamba viinitete vilivyogandishwa ni watoto katika sheria ya fidia ya vifo, na kliniki kadhaa zikasimamisha huduma mpaka bunge la jimbo lilipozipa kinga mwezi Machi. Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaoamini kwa dhati kwamba uhai wa tumboni lazima ulindwe. Hao wanastahili jibu la heshima, na Zumas hawakwepi: Ro anatamani kumwomba Mattie ajifungue ili mtoto awe wake, na kurasa ambazo tamaa hiyo inashindana na dhamiri yake ndizo bora kuliko zote kitabuni. Mwishowe anamsaidia Mattie kuitoa mimba. Na je, marufuku ya kutoa mimba imelinda uhai? Gin, mganga wa mitishamba anayeishi msituni, anaendewa na wanawake kimyakimya, kisha anaburutwa mahakamani. Yasmine, rafiki yake Mattie, alijaribu kutoa mimba yake mwenyewe akaishia kifungoni akiwa bado msichana mdogo. Ro, Mattie, Gin na Susan, mke aliyechoshwa na ndoa, wana sura zao; Yasmine tunamjua kwa kumbukumbu za Mattie tu. Hapo kitabu kimepungukiwa, maana aliyelipa gharama kubwa kuliko wote ndiye asiyesikika.