Ndoo ya Maji na Kidonda Kibichi

Uvimbe mwingi wa maji kwenye ovari huja na mzunguko wa hedhi, kisha hunywea wenyewe ndani ya miezi michache. Daktari hurudia altrasaundi tu. Ila maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, pamoja na kutapika, usiyavumilie hadi asubuhi. Huenda ovari imejisokota, nayo inakosa damu. Wahi hospitali usiku huohuo.

Na ukishapasuliwa kwa tatizo hilo la ovari? Dada, hapa ndipo tunapoumizana majumbani. Kidonda cha nje kinafunga, watu wanaona umepona, ndoo ya lita 20 inarudi kichwani. Kumbe ndani nyama bado mbichi! Aliyepasuliwa kwa matundu madogo huhitaji kama wiki 2. Aliyefunguliwa tumbo, hadi 6. Tembea kidogo kidogo tangu mwanzo, damu isigande miguuni. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto tumboni. Ukiona homa, usaha, au mguu mmoja umevimba na unauma, rudi hospitali mara moja.

Shemeji unayesikiliza, ndoo hiyo sasa ni yako. Na aliyetolewa ovari moja asiitwe tasa: iliyobaki ikiwa nzima huendelea kutoa mayai, na mimba hutunga.