Kushinda Tribunali Haitoshi

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano mkuu wa wanamemba)



Wengi kati yetu tulivuka ziwa kutoka Kigoma kuja Baraka, tangu 2005 na kuendelea. Wengine tulifika tukakuta mtu mwingine amejenga kwenye kiwanja cha baba. Kuna waliosikilizana naye mbele ya chifu, mambo yakaisha. Kuna waliofika tribunali. Leo ninasema na hao wa tribunali, kwa sababu wananiletea kila mara maswali mawili: «Huyu mtu atalipishwa feza ngapi ili ajute?» na «Nilishinda, mbona bado yuko ndani?»

Tuanze na la kwanza. Watoto wetu walioko Marekani wanatupigia simu: «Mama, omba feza nyingi, kule wanalipa mamilioni.» Hawadanganyi. Kule tribunali inaweza kumlipisha mkosaji kupita hasara aliyoleta, ili yeye na wengine waogope. Lakini hata kule kuna mpaka. Mtu mmoja wa Alabama aliuziwa gari la BMW kama jipya, kumbe lilikuwa limepakwa rangi tena. Hasara yake ilihesabiwa dolari 4,000. Raia waliokaa kuamua kesi wakaongeza dolari milioni 4 za kuadhibu kampuni. Mahakama ya jimbo ikapunguza mpaka milioni 2, na mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hata hizo zimepita kipimo.

Hapa kwetu Kongo njia ni nyingine. Artikle 258 ya kitabu cha tatu cha sheria ya sivili, sheria ya tangu 1888, inasema hivi kwa maneno mafupi: aliyemuharibia mwenzake kwa kosa lake, lazima atengeneze alichoharibu. Sheria inasema kutengeneza, haisemi kuadhibu. Adhabu iko kwenye kesi ya penali, na amande ya huko inaingia kwa serikali, haiingii mfukoni mwako.

Njo maana mama mmoja wetu aliomba dolari 50,000 akapata kidogo sana. Jaji alimuuliza: umepoteza nini? Alijibu kwa machozi tu. Machozi ni ya kweli, lakini jaji anahitaji kitu cha kuandika. Michikichi ilikuwa mingapi? Kodi ya nyumba unayopanga ni ngapi kwa mwezi, na tangu lini? Nani aliona? Nunueni kaye, muandike kila kitu na tarehe yake, muchunge risiti. Na mujue tena: tribunali ikikupa feza, serikali inadai sehemu yake juu ya ile feza kabla ya kukupa karatasi ya kutekeleza.

Sasa swali la pili, ndilo linaloniumiza zaidi. Yule mama alishinda. Hukumu ilisema mvamizi atoke. Mama akaifunga kwenye nailoni, akaiweka ndani ya sanduku, akangojea. Mvua mbili zikapita, na yule mtu akaongeza chumba cha matofali. Tulipomfuata grefye, alituuliza neno moja: «Mulimujulisha?» Hapana. Hakuna aliyempelekea hukumu kwa njia ya sheria.

Wandugu, hukumu haina miguu. Ni sisi tunaitembeza. Kwanza, unaomba kwa grefye kopi yenye muhuri wa kutekeleza. Pili, wisie wa tribunali anampelekea mshindwa na kuandika tarehe. Tangu siku hiyo, kama hukumu ilitolewa pande zote mbili zikiwapo, mshindwa ana siku 30 za kukata rufaa. Kama hujamjulisha, hizo siku hazijaanza kuhesabiwa, hata miaka ikipita. Tatu, siku zikiisha bila rufaa, wisie anarudi kumtoa, na akipingwa anaomba polisi wamsaidie.

Akikata rufaa, hukumu inasimama kwanza, isipokuwa jaji ameandika itekelezwe hata hivyo. Sheria inamruhusu, kwa mfano, ukiwa na karatasi halali iliyotolewa na serikali. Mwambie avoka wako aliombe hilo tangu mwanzo wa kesi. Aombe pia mshindwa alipe feza fulani kwa kila siku anayokawia kutoka. Jaji anaweza kukubali au kukataa, lakini asiyeomba hapewi.

Na kama mkubwa fulani anakwambia hukumu haitatekelezwa kwa sababu yeye hataki? Artikle 149 ya Katiba inasema hukumu zinatekelezwa kwa jina la Rais wa Jamhuri. Artikle 151 inakataza serikali kupinga utekelezaji wa hukumu. Mumkumbushe kwa adabu, na kwa barua. Muchunge kopi.

Jambo moja ninawaomba kwa magoti. Vijana wa yule mama walitaka kwenda usiku kubomoa kile chumba. Tuliwazuia. Wangebomoa, mama aliyeshinda angegeuka mshitakiwa, na yule mtu angeanza yeye kudai malipo. Tena tungerudi kwenye ile vita iliyotukimbiza.

Wafazili wetu, munatusaidia kulipa avoka, tunawashukuru. Lakini mara nyingi msaada unaishia siku ya hukumu, na mtu anakosa feza ya kopi na ya safari ya wisie. Ninapendekeza mfuko wetu utenge sehemu kwa ajili ya hatua hizo. Asiye na uwezo kabisa tumsaidie kuomba tribunali imwondolee gharama.

Na wewe mwenye hukumu ndani ya sanduku: itoe leo. Uilete ofisini, tuisome pamoja, tutafute tarehe.