Mtoto Akienda Kupiga Kambi Ziwani

Likizo ikifika, vijana huomba kwenda kupiga kambi ufuoni mwa Ziwa Victoria, hata visiwani Rusinga na Mfangano. Mwache aende, lakini asiingie ziwani kuogelea. Baharini Lamu, maji ya chumvi hayana kichocho, ziwani kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, kwa hiyo kuchemsha maji ya kunywa pekee hakutoshi. Maji ya kuoga yakae ndooni siku mbili. Aliyeingia majini apimwe choo baada ya miezi miwili, hata akionekana mzima. Vidonge vya prazikwanteli hutibu. Lakini homa usiingoje: apimwe malaria siku hiyo hiyo.